Mkia Unalipwa, Manyoya Yanaachwa Topeni

Mikia ya nutria inamwagwa mezani. Inahesabiwa mmoja mmoja, na ule unaotia shaka unalazwa kwenye rula: ukipungua inchi 7, karibu sentimita 18, unatengwa na haulipwi. Uliotimia sasa una dola 6. Mtegaji anaonyesha kwenye ramani alikowapata wanyama wake, anachukua stakabadhi, anaondoka. Ndivyo mambo yanavyokwenda katika pwani ya Louisiana, kusini mwa Marekani, kila msimu kuanzia tarehe 20 Novemba hadi tarehe 31 Machi, tangu mwaka 2002.

Mwili wa mnyama haufiki mezani.

Unabaki kule kinamasini pamoja na koti lake. Ni nutria, mgugunaji wa majini mwenye asili ya Amerika Kusini, uzito wa kilo 5 hadi 9, meno ya mbele rangi ya chungwa na mkia wa mviringo usio na manyoya ya maana. Mwaka 1976, kwenye pwani hiyohiyo, kilichokuwa kikilipwa ni koti: ngozi milioni 1.8 kwa msimu mmoja, thamani yake dola milioni 15.7. Leo kinachonunuliwa na serikali ni ushahidi tu kwamba mnyama huyu, mharibifu wa kinamasi, amekufa.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kinachoniuma kwanza ni ufujaji. Lakini chini ya ufujaji kuna swali gumu zaidi. Ikiwa soko la manyoya liliweza kuondoa zaidi ya wanyama milioni moja kwa mwaka bila serikali kutoa senti moja kwa kila mkia, kwa nini tusilifufue?

Nilianza nikiamini kwamba jibu ni "tulifufue". Siamini hivyo tena.

## Ubora uko tumboni

Nutria ana tabaka mbili za manyoya. Juu kuna nywele ndefu, ngumu, za kahawia au za rangi ya kutu. Chini yake kuna manyoya mafupi ya kijivu, laini, yaliyosongamana kiasi kwamba maji hayaifikii ngozi. Mnyama hutumia sehemu kubwa ya muda wake kujichana kwa kucha na kuyapaka manyoya mafuta yanayotoka kwenye tezi zilizo karibu na mdomo. Asipojitunza, analowa. Akilowa, baridi inamuua.

Wanyama wengi wa nchi kavu wana manyoya mazito mgongoni. Nutria ni kinyume chake: tumbo ndilo linaloshinda majini, na tumbo ndilo lililovikwa vizuri. Chuchu za jike nazo hazipo tumboni. Zimepanda juu ubavuni, karibu na mgongo, jozi nne au tano, hivyo watoto wanaweza kunyonya mama akiwa anaelea.

Kwa fundi wa manyoya huo ni utajiri wa aina yake. Tumbo linabaki kitambaa kimoja kizima bila alama ya chuchu. Ndiyo maana ngozi ya nutria, inapofunguliwa kiwandani, hupasuliwa mgongoni ili tumbo likae katikati ya vazi.

Zile nywele ndefu za juu hung'olewa. Mara nyingine manyoya yanayobaki hukatwa yawe na kimo kimoja. Mtu anayeshika koti la nutria lililotengenezwa vizuri anashika tabaka la chini peke yake, na si rahisi kwake kuamini kwamba mwenye koti hilo alikuwa mnyama wa nywele ngumu za kukwaruza juu ya tope.

## Kazi iliyo ndani ya ngozi moja

Ninaeleza kazi yenyewe kwa sababu hesabu yote ya soko imefichwa humu.

Mnyama aliyetoka majini hukaushwa kwanza: anatingishwa, anapanguswa, ananing'inizwa. Kisu kinaanzia kisigino cha mguu mmoja wa nyuma, kinapita chini ya mkia, kinaishia kisigino cha pili. Mkato mwingine unazunguka shina la mkia na vifundo vya miguu. Kisha ngozi inavutwa kuelekea kichwani, ikigeuka ndani nje kama soksi. Hapo hutumika ngumi na vidole zaidi kuliko kisu, kwani kisu kikiteleza upande wa tumbo, tundu linakaa palepale penye bei. Kisu kinarudi kazini kwenye masikio, macho na midomo.

Baadaye ngozi huvalishwa kwenye gogo laini lililochongwa na mafuta yake kukwanguliwa. Kazi hii ndiyo inayotenganisha mjuzi na mwanafunzi. Mafuta yakibaki, yanaiunguza ngozi taratibu ikiwa ghalani, na ikifika kwa mtengenezaji inakatika kama karatasi. Ukikwangua kupita kiasi, unakata mashina ya manyoya kutoka upande wa ndani, na manyoya yanatoka kwa mafungu.

Halafu inawambwa kwenye fremu ya waya, upande wa nyama ukiwa nje. Kishawishi ni kuivuta ili iwe ndefu, kwa kuwa ngozi ndefu hupangwa daraja la juu. Lakini ngozi iliyovutwa sana ina manyoya yaliyoachana, na mnunuzi mzoefu anapuliza kwa mdomo, anaona ngozi ikitokeza katikati ya manyoya, anashusha bei. Ikaushwe kivulini, hewa ikipita. Jua na moto huiokea juujuu ikaacha unyevu ndani. Joto lisilo na hewa huleta uozo, na uozo huonekana kwanza tumboni, manyoya yakianza kung'oka ukiyagusa.

Msimu nao una neno lake. Ngozi nzuri ni ya majira ya baridi. Ya kiangazi ni nyepesi. Madume makubwa mara nyingi yana makovu ya kuumana, na kovu halioti manyoya kama kawaida.

Sasa weka kazi hiyo yote juu ya bei ya ngozi moja. Bei ikishuka, cha kwanza kuachwa ni kile kisu cha kukwangulia. Ngozi mbovu zinaongezeka sokoni, wanunuzi wanashusha bei tena, na mtegaji anaona heri akavue kamba.

## Alivyosambazwa

Nutria aliagizwa hasa kwa ajili ya koti lake. Karne ya 19 manyoya yake yalisafirishwa kwa wingi kutoka Buenos Aires kwenda kutengenezwa kofia, yakichukua nafasi ya manyoya ya biva, mgugunaji mwingine wa majini, aliyekuwa amewindwa mpaka akaadimika. Ufugaji ulijaribiwa Ufaransa miaka ya 1880. Miaka ya 1920 na 1930 ukaenea Ulaya, Urusi ya Kisovieti na Amerika Kaskazini. Hata Ziwa Naivasha nchini Kenya liliwahi kuwa na nutria waliotoroka kwa wafugaji, leo hawapo.

Kosa la ufugaji lilijirudia kila mahali kwa namna ileile. Uzio ulisimamishwa juu ya ardhi bila kufukiwa, na mnyama anayechimba akachimba. Nguzo na milango ilikuwa ya mbao, na mnyama anayeguguna akaguguna. Kisha bei ikaanguka, mfugaji akachoka kulisha, na mlango ukabaki wazi, mara nyingine kwa makusudi.

Louisiana wana hadithi ya kumlaumu mtu mmoja, E. A. McIlhenny, mfugaji wa nutria wa Avery Island, kwamba kimbunga kilivunja vizimba vyake. Kumbukumbu zinaonyesha hakuwa wa kwanza kuwaleta, na kwamba wanyama wake aliwaachia mwenyewe. Hadithi ya kimbunga imependwa kwa sababu inamwondolea binadamu dhamana.

## Jike halipotezi muda

Mimba ya nutria huchukua siku 130 hivi, na huo ni muda mrefu kwa mgugunaji. Faida yake ni kwamba watoto huzaliwa na manyoya, macho wazi, na katika siku yao ya kwanza wanaweza kuogelea. Kwa kawaida ni wanne au watano, ingawa mimba moja inaweza kuwa na hadi 13. Ndani ya siku mbili baada ya kuzaa, jike yuko tayari kupandwa tena. Watoto wake wa kike wanaweza kushika mimba wakiwa na miezi minne hadi sita.

Lakini jambo lililonishangaza kuliko yote lilitoka kwenye maabara iliyokuwa Norwich, Uingereza, ambako mtafiti L. M. Gosling alipasua maelfu ya majike waliotegwa. Aligundua kwamba jike mwenye afya nzuri, aliyebeba mimba ya watoto wachache ambao wengi wao ni wa kike, huitoa mimba hiyo karibu na wiki ya 14. Hupandwa tena mara moja na kubeba mimba kubwa zaidi. Ikiwa watoto ni wachache lakini wengi ni wa kiume, huibakiza, na madume hao wachache huzaliwa wakiwa wakubwa.

Mnyama wa namna hiyo ukimpunguza nusu, umempunguzia njaa. Walionusurika wanakula vizuri, wanashiba, na jike aliyeshiba ndiye anayezaa zaidi.

Kinachomshinda ni barafu. Mkia unaganda, vidole vinaganda, chakula kinafungiwa chini ya barafu. Majira ya baridi ya 1962 hadi 1963 yaliwaua wengi kabisa mashariki mwa Uingereza. Pwani ya Louisiana haina baridi ya kutegemea.

## Anakula shina, anaondoka na udongo

Nutria hula karibu robo ya uzito wake kila siku. Hilo peke yake lingevumilika. Tatizo ni namna anavyokula: hukata mmea, akala sehemu nyororo ya chini, na kuacha mwingi ukielea. Majani yakiisha, hufukua mizizi.

Kinamasi cha pwani husimama juu ya mkeka wa mizizi. Udongo wake ni laini na haujishikilii wenyewe. Mizizi ikiliwa, mkeka unakatika, mawimbi yanachukua tope, uso wa ardhi unashuka sentimita chache, na sentimita hizo zinatosha: maji ya chumvi yanakaa muda mrefu kuliko mimea inavyoweza kustahimili. Mahali palipokuwa malisho panageuka kidimbwi. Watafiti waliozungushia vipande vidogo uzio wa waya waliona majani yakisimama ndani na tope tupu nje, hatua moja tu kutoka hapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, maeneo yaliyoharibiwa pwani ya Louisiana yalikadiriwa kuwa zaidi ya ekari 80,000. Katika hifadhi ya Blackwater huko Maryland, jimbo la mashariki mwa Marekani, ekari kama 5,000 za kinamasi zimekwisha kuwa maji, na nutria ni mmoja wa wahusika wakuu.

Hapo bado sijazungumzia mashimo anayochimba kwenye kingo za mifereji na matuta ya kuzuia mafuriko. Mdomo wa shimo huwa na upana wa sentimita 20 hivi, na njia inaweza kuingia mita kadhaa ndani ya tuta. Maji yakipanda, tuta linabomokea hapo.

## Bei ilipomlinda mharibifu

Hapa ndipo imani yangu ya mwanzo ilipoanza kutikisika.

Mwaka 1957 kimbunga Audrey kilisukuma nutria wa Louisiana kutoka pwani hadi mashamba ya mpunga na miwa. Wakulima wakalalamika. Mwaka 1958 jimbo likamwondoa kwenye orodha ya wanyama wanaolindwa, na zawadi ya senti 25 kwa kila nutria ikaidhinishwa katika wilaya za kusini. Fedha za kuilipa hazikutengwa kamwe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 soko likapanda. Wanunuzi wa Ulaya, hasa Wajerumani, walitaka manyoya yale ya kijivu. Kufikia 1962 nutria alikuwa amempita panya-maji wa huko kwa idadi ya ngozi zinazouzwa.

Mwaka 1965 akarudishwa kwenye orodha ya wanaolindwa.

Soma miaka hiyo mitatu kwa mfululizo: 1957, 1958, 1965. Tabia ya mnyama haikubadilika hata kidogo. Alikula mpunga uleule na mizizi ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na watu ambao mapato yao yalitegemea awepo mwakani, nao walikuwa na haki ya kusikilizwa kama wakulima walivyokuwa nayo.

Ni kweli kwamba wakati wa soko kuu, uharibifu wa kinamasi ulikuwa mdogo kuliko baadaye. Sitaki kulipita jambo hilo haraka, maana ndilo lililonifanya nisadiki. Kati ya 1962 na mwanzo wa miaka ya 1980 zaidi ya milioni moja walichukuliwa karibu kila mwaka, na hiyo ni kazi kubwa kuliko mradi wowote wa serikali uliowahi kufanywa huko. Lakini walichukuliwa milioni moja mwaka huu kwa sababu milioni moja nyingine walikuwa wanazaliwa. Hayo yalikuwa mavuno. Hakuna mvunaji anayeng'oa shina.

Kisha miaka ya 1980 mitindo ikageuka na wanunuzi wakapungua. Mitego ikatundikwa. Mwisho wa muongo huo mavuno hayakufika hata sehemu ndogo ya yale ya zamani, na wanyama wakabaki na kinamasi chote.

## Waingereza walilipia mwisho

Uingereza ilipokea nutria mwaka 1929. Miaka michache baadaye walikuwa wameshatoroka, na vita ilipoanza mashamba yakafungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walikadiriwa kuwa 200,000, wengi katika mito na mabwawa ya East Anglia, mashariki mwa nchi.

Walijaribu kuwapunguza, na baridi kali ikawasaidia, lakini wanyama waliongezeka tena kila mara. Mwaka 1981 wakabadilisha lengo: hawatapunguza, watamaliza. Waliajiriwa wategaji 24 kwa mshahara, na kipindi kikawekwa miaka 10.

Shida yao ya kwanza haikuwa mitego. Ilikuwa ni mtegaji. Mtu unayemlipa kwa kutega ana kila sababu ya kuacha majike wachache kwenye kona ya bwawa, kwa sababu nutria wakiisha kibarua chake kinaota nyasi. Simlaumu. Ana watoto wa kulisha.

Wakakipindua kibarua chenyewe. Wategaji wote waliahidiwa kiinua mgongo cha hadi mara tatu ya mapato yao ya mwaka ikiwa nutria watakwisha ndani ya miaka sita. Baada ya hapo kiasi kilipungua mwaka hadi mwaka, na kufika mwaka wa kumi kisingebaki kitu. Kwa mpango huo, jike aliyeachwa hai aligeuka kuwa hasara ya watu 24 kwa pamoja. Walichungana wenyewe.

Januari 1989 ilitangazwa kwamba nutria wamekwisha. Katika kampeni hiyo waliuawa 34,822.

Nilipofika kwenye hesabu hiyo nilikaa nayo muda mrefu. Wanyama elfu 35 kwa karibu miaka minane ni idadi ndogo sana ukilinganisha na msimu mmoja wa Louisiana. Uzito wa kampeni ile ulikuwa kwenye kile kilicholipiwa.

## Mtego juu ya chelezo

Vifaa vyao vilikuwa vya kawaida, na bado ndivyo vinavyofaa.

Kizimba cha waya chenye mlango unaoanguka, urefu wa karibu sentimita 80, upana na kimo vya kumwezesha mnyama wa kilo 9 aingie bila kugusa pande. Chambo ni karoti, viazi vitamu au tufaha, vikiwekwa nyuma ya kibao cha kukanyaga, mbali kiasi kwamba mnyama hawezi kuvifikia akiwa na miguu ya nyuma nje. Mlango ukimwangukia mkiani akatoka, utasumbuka sana kumpata tena.

Mwanzoni mitego iliwekwa kwenye kingo, kwenye njia za wanyama. Ilikamata ndege, sungura na panya wa majini wasiohusika, na mtego uliojaa kiumbe mwingine haumngojei nutria. Hatua iliyobadilisha kazi ni chelezo: ubao mpana wenye vifaa vyepesi vya kuelea chini yake, ukifungwa kwa kamba ndefu kidogo ili upande na kushuka na maji. Nutria hupenda mahali pa kupanda, kukaa, kula na kujichana. Mtego ulio juu ya chelezo hukamata wengi zaidi, na viumbe wasiohusika hupungua sana.

Chelezo kinatangulizwa na chambo bila mtego, mpaka vionekane vinyesi na mabaki ya chakula. Vinyesi vya nutria havina mfano: vya mviringo mrefu, vyenye mistari midogo kwa urefu. Ndipo mtego unapandishwa. Unakaguliwa kila asubuhi bila kukosa, mnyama asiyehusika anaachiwa, na nutria anauawa papo hapo kwa risasi ndogo ya kichwa.

Glavu nene za mpira ni lazima. Nutria hubeba leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria, kwenye mkojo, na minyoo wadogo walio kwenye kinyesi chake hupenya ngozi ya mtu na kuleta upele unaowasha vibaya. Wategaji wanaodharau glavu hujifunza mapema.

Wakipungua, chelezo huachwa na chambo peke yake kama mtu wa ulinzi. Kinyesi kimoja kwenye ubao kinatosha kuirudisha mitego.

## Wa mwisho ndiye ghali

Maryland walianza kazi yao mwaka 2002, baada ya nutria kukaa huko tangu miaka ya 1940. Walikata eneo vipande, wakasafisha kipande kwa kipande, kisha wakarudi nyuma kukagua. Wafanyakazi walilipwa mshahara. Hakuna aliyelipwa kwa mkia. Kwa jumla waliondolewa wanyama kama 14,000.

Sehemu kubwa ya wanyama iliondoka mapema. Waliobaki ndio waliokula miaka. Mbwa walifundishwa kunusa vinyesi. Vibao vya kuelea viliwekewa vitanzi vya kunasa unywele mmoja au miwili. Nutria waliohasiwa walivalishwa vifaa vya redio na kuachiwa, kwani mnyama huyu anapenda wenzake: ukimfuata, anakupeleka kwa yule uliyemkosa.

Wa mwisho alikamatwa Mei 2015. Tangazo la ushindi lilitolewa Septemba 2022. Ile miaka saba katikati ilikuwa ya kutafuta kitu ambacho hakipo, na kulipa mishahara ya kukitafuta.

Hakuna soko la manyoya duniani linaloweza kulipia miaka saba ya namna hiyo. Mnyama wa mwisho ana ngozi moja tu, yenye bei ileile kama ya wa kwanza, na kumpata kunagharimu kupita wa kwanza elfu. Mwenye kuishi kwa ngozi ataondoka zamani, na kwa hesabu zake atakuwa sahihi.

Hilo ndilo lililonigeuza.

## Louisiana si Norwich

Ningekuwa ninadanganya kama ningesema Louisiana waige tu. East Anglia ni eneo dogo lililozungukwa na bahari na ardhi kavu, lenye baridi inayosaidia kila miaka kadhaa. Maryland kazi ilikuwa kwenye rasi. Pwani ya Louisiana ni mamilioni ya ekari, imeungana na Texas upande wa magharibi, na nutria wanaweza kuingia tena kila siku. Kummaliza huko kwa vifaa vya leo haiwezekani.

Kwa hiyo lengo la mkia ni kupunguza, na limewekwa hadi wanyama 400,000 kwa mwaka. Zawadi ilianza dola 4, ikawa 5 mwaka 2006, ikawa 6 mwaka 2019. Eneo lililoharibiwa limeshuka sana tangu mradi uanze. Ninaheshimu kazi hiyo. Kanuni ya rula pia ina akili: mnyama mchanga halipwi, kwa hiyo mtegaji hapati faida kwa kukusanya watoto.

Ninachokitilia shaka ni kwamba mkia mmoja una bei moja popote ulipotoka. Mtegaji huenda panapopitika kwa boti na penye wanyama wengi. Kipande kilichobakiwa na wachache, mbali na mfereji, hakimlipi mafuta, na ndicho kitakachojaza kipande cha jirani mwaka ujao. Ramani anazochora mezani zinaonyesha wazi ni wapi hakuna anayekwenda. Ningependa dola zilizo kwenye mkia zigawanywe: sehemu ibaki kwenye mkia, sehemu nyingine ilipwe kwa kipande cha kinamasi kitakachokaguliwa mwishoni mwa msimu na kukutwa bila vinyesi vipya.

## Na ngozi ile?

Bado inaniuma kuachwa. Mnyama amekwisha kuuawa, kazi ya kumuua imelipwa, na kumfukia na manyoya yale hakumsaidii mtu wala kinamasi.

Anayetaka kuitumia aanze na hali ya hewa. Siku ya joto ya pwani hulegeza manyoya ya tumbo kwa saa chache tu, kwa hiyo mzoga unahitaji barafu ndani ya boti, kisha jokofu kubwa karibu na kituo cha mikia. Wachukuliwe wa Desemba hadi Februari, koti likiwa limekamilika. Waliopigwa kwa risasi za rasharasha waachwe, vitundu vyao ni vingi kuliko bei yao. Uchunaji ufanywe kituoni na watu wanaolipwa kwa siku, ili mtegaji aendelee na kutega. Bei ya ngozi imwendee mchunaji na jokofu, mtegaji abaki na malipo yake ya mkia na ya kipande.

Na mkataba wa idadi kwa miaka ijayo usiwekwe kabisa. Mnunuzi anayedai uhakika wa ngozi 50,000 kila mwaka anadai nutria 50,000 wawepo kila mwaka, na huyo akatafute manyoya yake kwingine.